Marhamu Chini ya Nailoni

Katika kiwanda cha kufulia nguo kilicho nyuma ya stendi ya malori palikuwa na mpiga pasi ambaye karibu kila mtu alilisahau jina lake. Alijulikana kama Wembe, kwa sababu ya mstari aliouacha kwenye suruali. Hoteli tatu zilileta suti za wageni wao pale, na wapokezi wa hoteli hizo walikuwa na sentensi moja tu ya maelekezo: apige yule yule.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na ishirini na mitatu kati ya hiyo aliitumia mbele ya mashine moja ya mvuke. Mashine ile ilikuwa na kitanda cha bati kilichovishwa kitambaa kizito, kifuniko kilichoshuka kwa mkono, na kanyagio la mguu lililofungulia mvuke. Kanyagio lilikuwa limelika upande wa kulia, kulingana na kisigino chake. Mtu mwingine akilikanyaga, mvuke ulitoka kwa kigugumizi.

Wageni kazini aliwafundisha kwa pua. "Sufu ikikaribia kuungua inanuka kama nywele," aliwaambia. "Polista inanuka kama beseni jipya. Ukinusa moshi, hapo hujanusa, hapo unaenda kuandika maelezo ofisini."

Ugonjwa wa ngozi ulimwanzia viwikoni akiwa na miaka thelathini na mitano. Yalikuwa mabaka mekundu yenye magamba meupe, makavu, yanayopukutika. Yakashuka magotini, yakapanda mapajani, yakaenea mgongoni na tumboni. Kwa mkulima au dereva lingekuwa jambo la kujikuna na kuvumilia. Kwa mtu anayeinamia suti nyeusi saa tisa kwa siku, kila gamba lililoanguka lilikuwa doa. Alinunua brashi ndogo ya nguo, akaiweka mfuko wa nyuma, akawa anafuta alichokidondosha mwenyewe.

"Wembe, leo umekuja na sabuni yako ya unga kutoka nyumbani?" walimtania.

"Na nyinyi mnaifulia bure," aliwajibu, naye akacheka pamoja nao. Nyumbani aliacha kuvua shati mbele ya mkewe. Alioga mlango ukiwa umekomewa.

Miaka mitatu baadaye ndipo alipoenda kumuona daktari wa ngozi, mara moja tu. Aliambiwa ugonjwa unaitwa soriasisi, kwamba hauambukizi, na kwamba huwa hauponi moja kwa moja bali hutulizwa. Akaandikiwa tyubu ya marhamu yenye steroidi, ile kali kuliko zote zilizokuwa kabatini mwa duka la dawa. Apake kidogo, kwa wiki mbili, kisha arudi. Wiki mbili zilipokwisha mabaka yalikuwa yamefutika kama maandishi ya penseli. Hakurudi kwa daktari. Yalipochomoza tena alirudi dukani, na muuza dawa, ambaye alishamzoea, alimpa tyubu nyingine bila kuuliza cheti. Hivyo ndivyo miaka kumi na moja ilivyoanza.

Tatizo la kwanza halikuwa la kiafya. Marhamu ni mafuta, na mafuta ni adui wa kiwanda cha kufulia. Asubuhi moja vitambaa vya meza vya hoteli vilirudishwa vyote, kila kimoja kikiwa na alama ya kiganja au ya mkono wa mbele. Msimamizi, mwanamke mwembamba aliyetembea na kalamu sikioni, alivitandaza mezani kimoja kimoja kama ushahidi wa polisi.

"Hizi ni fingaprinti za nani?"

Wembe akajitaja mwenyewe.

"Basi chagua," alisema msimamizi. "Mafuta au kazi."

Wembe hakuchagua. Alitazama roli kubwa la nailoni nyepesi lililoning'inia karibu na mlango, ile ya kufunikia suti zilizo tayari, akapata wazo. Kesho yake alipaka marhamu, akakata vipande vya nailoni, akavizungushia mikononi, mapajani na tumboni, akabana kwa utepe wa gundi, kisha akavaa ovaroli juu. Hakuacha doa hata moja. Alipofungua jioni, ngozi ilikuwa laini na yenye unyevu, na siku chache baadaye aliona jambo lililomfurahisha zaidi: mabaka yalitoweka haraka kuliko zamani. Aliona amegundua kitu. Kwa kweli alikuwa amegundua kile ambacho madaktari wa ngozi hukijua na hukitumia kwa tahadhari, kwamba dawa iliyofungiwa chini ya plastiki, kwenye joto na jasho, hupenya ngozini maradufu na zaidi.

Alimfundisha pia mkunja shuka, mwanamke aliyesimama meza ya pili na aliyekuwa na ukurutu wa miaka mingi mikononi na miguuni, uliochokozwa kila siku na sabuni. Huyu alimwita Wembe kaka. Kwa hiyo wakawa wawili ambao nailoni zao zilichakarisha wakitembea.

"Hao wanakuja," walisema wenzao. "Pipi zimeshafungwa."

Tyubu moja iliyokuwa ikimtosha mwezi ikaanza kumtosha wiki, halafu siku tatu. Uso wake ukajaa, ukawa mviringo. Tumbo likatangulia, miguu ikabaki myembamba. Kazini walisema shemeji anamlisha vizuri. Hakuwa anakula zaidi ya zamani.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa sauti ya juu na moyo mwepesi, aliyemwita mumewe Mzee tangu wakiwa vijana. Yeye alimwita Mwalimu. Walikuwa na binti mmoja aliyeolewa mbali. Mwalimu ndiye aliyeona kile ambacho ovaroli ilikificha: ngozi ya mikono imekuwa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, michubuko ya zambarau inatokea bila kugongwa, michirizi mipana myekundu imechora tumbo. Jioni moja Wembe alibandua utepe wa gundi, na kipande cha ngozi kikaondoka nao. Mwalimu aliosha kidonda, akafunga bendeji, akaenda jikoni kulia.

Wiki hiyo hiyo mzazi mmoja alimtumia video kwenye simu. Kijana aliyevaa koti jeupe, aliyejiita mtaalamu wa ngozi, alishika tyubu kama ile na kusema dawa hii inakula ngozi, inaharibu mwili. Yote hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Kisha akasema: "Kama unayo nyumbani, itupe leo. Usingoje kesho."

Jumapili, Mwalimu alifungua droo na kutoa tyubu zote.

"Hata moja ya akiba?" aliuliza Wembe.

"Hata moja. Nakujua wewe."

"Basi nimalizie hii iliyofunguliwa."

"Sikiliza unavyoongea, Mzee. Kama mlevi na chupa."

Wembe alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli, akampa. Mwalimu alizikata zote kwa mkasi, moja baada ya nyingine, asije mtu akaziokota jalalani. Alikuwa mwangalifu hata katika hilo.

Walichokuwa hawakijui ni hiki. Juu ya kila figo pana tezi ndogo inayoitwa adrenali. Kila alfajiri, ubongo ukituma amri, tezi hizi mbili humimina homoni ya kotisoli, na homoni hiyo ndiyo inayoshikilia shinikizo la damu na sukari visianguke, na ndiyo inayoupa mwili nguvu ya kustahimili homa, jeraha au kuharisha. Steroidi iliyo kwenye marhamu ni ndugu wa homoni hiyo. Mtu akipaka kidogo, mahali padogo, kwa siku chache, kinachoingia kwenye damu ni kidogo na hakina madhara. Lakini kikiingia kwa wingi na kwa muda mrefu, ubongo huona kotisoli inatosha, huacha kutuma amri, na tezi hulala, kisha husinyaa. Zinaweza kuamka. Huchukua miezi, pengine mwaka na zaidi, na katika muda huo mgonjwa hupewa kidonge kinachoshika nafasi ya kotisoli, kikipunguzwa polepole huku damu ikipimwa. Wembe alipaka karibu nusu ya mwili, chini ya nailoni, mbele ya mvuke, kwa miaka. Jumapili ile dawa ya nje ilikatwa kwa mkasi, na tezi za ndani zilikuwa hazijui kwamba zamu yao imefika.

Mwalimu alitundika kalenda jikoni. Kila siku iliyopita bila marhamu aliibandikia nyota ya dhahabu, zile anazowapa watoto wakimaliza kuandika herufi zao. "Mzee, saba bila kuanguka," alimwambia. "Ungekuwa darasani kwangu ungekuwa kiranja."

Wiki ya pili mabaka yalirudi kwa hasira, mekundu kuliko zamani, nao wakaona ndiyo gharama yenyewe. Wiki ya tatu Wembe alianza kuumwa viungo. Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akitazama soksi mkononi kama mtu aliyesahau inavaliwa wapi. Chakula kilimchefua. Mashavu yalipungua, na hilo Mwalimu alilifurahia, akadhani uso wa zamani unarudi. Kazini alipindua kapu la nguo chafu akawa analikalia kati ya suruali na suruali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wembe umeingia kutu," alisema msimamizi akipita.

"Nitafutie jiwe, bosi, uninoe," alijibu. Safari hii yeye hakucheka.

Mkunja shuka alimsogelea baadaye. "Kaka, hii siyo uchovu. Nenda kapime."

Alienda zahanati. Muuguzi alimpima malaria, hakuna. Alimpima shinikizo la damu, likawa la chini, akamwambia anywe maji mengi, hasa kwa kazi ya joto. Kwenye fomu palikuwa na swali, na muuguzi aliliuliza kama lilivyoandikwa.

"Kuna dawa yoyote unameza?"

"Simezi hata ya kichwa."

Lilikuwa jibu sahihi kwa swali aliloulizwa. Muuguzi aliandika hakuna. Alimpa vitamini, naye akarudi nyumbani na kifurushi cha rangi ya machungwa, ambacho Mwalimu alikiweka kando ya kalenda.

Mwezi haujaisha, ugonjwa wa tumbo ulipita kiwandani. Ulianza kwa wafuaji, ukahamia kwa wakunjaji, na kila mtu aliendesha siku mbili, akarudi amepungua kilo, ana hadithi za kuchekesha. Msimamizi mwenyewe alikimbia kikao mara tatu. Wembe alishikwa siku ya Alhamisi. Alitapika, akaharisha, akalala. Ijumaa Mwalimu alimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kama anavyofanya kwa watoto, na kwa kuwa wote waliougua walikuwa wamesimama siku ya tatu, alisubiri siku ya tatu. Alibandika nyota ya ishirini na sita. Wembe alimtazama akiibandika, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mwanafunzi wako amechoka kweli."

"Kesho utaamka, Mzee."

Jumamosi asubuhi hakuamka vizuri. Alifungua macho lakini alimwita mkewe dada. Mikono ilikuwa baridi na imelowa. Jirani aliwasha gari, na saa nne walikuwa hospitali kubwa. Shinikizo la damu lilikuwa halisomeki kwa mashine, wakalitafuta kwa kidole. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Walimtundikia dripu mbili, wakampa dawa ya bakteria kwa sindano, wakasema ni upungufu wa maji. Lakini dripu zilipoisha shinikizo lilikuwa bado chini, na hilo ndilo lililomleta daktari wa wodi, mwanamke kijana mwenye miwani, ambaye aliufunua mkono wa Wembe kutafuta mshipa na akasita. Aliitazama ngozi ile nyembamba, akafunua tumbo, akaona michirizi.

"Mama, huyu anapaka nini?"

"Hapaki kitu," alisema Mwalimu, na hata pale palikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. "Aliacha. Leo siku ya ishirini na saba."

"Aliacha nini?"

Mwalimu alieleza: tyubu, nailoni, miaka. Kabla hajamaliza, daktari alikuwa ameshageuka akiagiza sindano ya haidrokotisoni, yaani kotisoli ya kutengenezwa, kwa sauti ambayo iliwafanya wauguzi wawili wakimbie. Ilichomwa saa sita kasoro robo. Kwa muda kama wa saa moja ilionekana inashika. Wembe aliuliza kama ni Jumamosi, akasema kuna suti ya bwana harusi mashineni, isiachwe kwenye kifuniko. Kisha shinikizo likaanguka tena, na figo na moyo, vilivyokaa siku mbili bila damu ya kutosha, havikuitika. Alifariki saa tisa na dakika ishirini alasiri.

Daktari angeweza kusema ni ugonjwa wa tumbo, na asingekuwa amedanganya sana. Lakini Mwalimu alimuuliza kwa namna ya mtu aliyekwisha kuhisi.

"Ni kwa sababu aliacha?"

Daktari alivuta kiti. Alimweleza habari ya tezi, taratibu, akichora figo nyuma ya karatasi ya maabara. Alimwambia kwamba kuendelea vile kungemuumiza pia. Alimwambia kwamba kosa lilikuwa kuacha kwa mkupuo, na kwamba ilikuwa kazi ya watu wengine kuwaambia hivyo: daktari wa kwanza, muuza dawa, zahanati.

"Lakini mkasi niliushika mimi," alisema Mwalimu.

Daktari aliikunja karatasi yenye mchoro, akamwekea kiganjani.

Msiba ulikuwa na watu wengi. Binti alisafiri siku nzima akafika macho yamevimba. Mwalimu aliwaambia wote, mmoja mmoja, jinsi ilivyotokea, hakuacha sehemu yake. Ndugu walimwambia aache kujitesa, ni mipango ya Mungu. Wifi mmoja, dada mkubwa wa marehemu, aliinuka akaondoka mapema. Mwalimu aliona huyo ndiye aliyemsikia.

Siku ya kumi na moja baada ya maziko alienda kiwandani kuchukua vitu vya mumewe: brashi, kikombe, kandambili. Mashine ya Wembe ilikuwa na mtu mpya, na mvuke ulikuwa unatoka kwa vipande vipande. Alimtafuta mkunja shuka, akamkuta amekaa juu ya rundo la taulo, kichwa kimeegemea ukuta.

"Pole, wifi," alisema mkunja shuka bila kuinuka. "Nisamehe, miguu haina nguvu leo. Hii misiba inatuchosha mwili."

Mwalimu alitazama mikono yake. Haikuwa na nailoni.

"Unapaka bado?"

"Nipake tena, baada ya yale? Niliposikia dawa ndiyo iliyomuua kaka, siku ile ile ya mazishi nilizitupa zote chooni. Sitaki hata kuziona."

"Unajisikiaje?"

"Kichefuchefu tu. Na viungo. Itapita."

Mwalimu aliweka kikombe na kandambili chini. "Inuka twende."

"Wapi? Nina shuka mia mbili hapa."

"Inuka, wifi, nakuomba. Sikuja kubembeleza."

Msimamizi alitokea, kalamu sikioni. "Shemeji, tunaheshimu msiba, lakini huyu yuko zamu. Hospitali zimefunguliwa mpaka jioni."

"Mwanzo ulimwambia mume wangu achague," alisema Mwalimu, kwa sauti ile anayoitumia watoto arobaini wakipiga kelele. "Leo mimi sikuchagulishi. Naenda naye."

Msimamizi aliichomoa kalamu sikioni, akaiweka mezani. Kisha akaenda mwenyewe kumletea mkunja shuka viatu vyake, akapiga magoti kumsaidia kuvivaa.

Walimkuta daktari yule yule wa miwani. Safari hii Mwalimu ndiye aliyetangulia kueleza, kwa mpangilio: jina lililoandikwa kwenye tyubu, miaka, mikono mpaka wapi, miguu mpaka wapi, nailoni saa ngapi, aliacha lini. Daktari hakusubiri. Alichukua damu, akampa sindano ya kwanza hapo hapo, akamlaza. Asubuhi majibu ya maabara yalikuja: kotisoli ilikuwa chini sana, tezi zimelala. Daktari alisema atatumia vidonge, na kila baada ya muda watapunguza kidogo na kupima, pengine mwaka mzima. Akipata homa au kuharisha, anaongeza na kuja haraka. Atapewa kadi ya kutembea nayo. Ukurutu utatafutiwa njia nyingine.

"Ni hivyo tu?" aliuliza Mwalimu.

"Ni hivyo tu, mama."

Muuguzi alileta vidonge kwenye kifuniko cha plastiki, pamoja na kikombe cha maji. Mwalimu aliomba avishike kwanza. Alivimimina kiganjani. Vilikuwa viwili, vyeupe, vidogo kuliko shanga, na havikuwa na uzito wowote ambao kiganja kingeweza kuusikia. Alivitazama muda mrefu, mpaka muuguzi akaanza kuhama mguu mmoja hadi mwingine. Mkunja shuka, kitandani, alinyoosha mkono.

Mwalimu akampa.

"Meza, wifi," alisema. "Meza nikuone."